Mto wa Matambara

Kwa Mama Sufi mto ulikuwa wa namna moja tu: wa sufi safi, iliyochambuliwa mbegu moja moja, ikapigwa fimbo juani mpaka ikaumuka kama povu. Anayetaka mwingine, njia ileile aliyoijia ndiyo aishike kurudi. Mumewe alimkuta anashona, akafa akamwacha anashona, na katika umri huo wote hakuna kichwa kilichowahi kumletea malalamiko. Alikuwa na jaribio lake: mto ukiisha anaubonyeza kwa kiwiko na kutega sikio. Ukitoa sauti yoyote, hata ya panya kukohoa, anaufumua. Na wale wa mito ya matambara, wanaojaza vipande vya nguo kuukuu katikati na kuvifunika kwa sufi kidogo juu juu, aliwaita wezi wa usingizi. Salamu zao haziitikii mpaka leo.

Herufi alizijua zile za kuandikia jina lake, na tarakimu za kubonyezea simu. Zilimtosha, na anayesema hazikumtosha amwendee mwenyewe akamwambie.

Sasa huyu Mama Sufi alikuwa na kitindamimba wake, mwokaji wa mikate, wa zamu za usiku. Miaka yake yote ya kazi alikuwa analala mchana na kuamka jua likizama, kama popo. Asubuhi moja teksi ilisimama mlangoni, akashuka mtu mwenye kofia pana kama beseni, anatembea kama aliyebeba maji kichwani na hataki yamwagike. Mama Sufi alimtambua kwa viatu tu. Uso ulikuwa umevimba.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

Mwanawe aliingia ndani, akakaa kitini polepole, akaivua kofia kwa mikono miwili kama mtu anayefunua sufuria ya moto. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote. Kisogoni bandeji. Mbele, pale ambapo kwa miaka hapakuwa na kitu isipokuwa mng'aro, palikuwa pekundu, pana vidoa vidoa vya damu iliyokauka, vimejipanga kama kitalu cha miche.

"Nimepandikiza nywele," akasema.

Maneno hayo Mama Sufi aliyajua, moja moja. Yalipokaa pamoja hayakumwingia.

"Za nani?"

"Zangu."

"Wewe huna."

"Za kisogoni, mama. Wanachomoa moja moja huku nyuma, wanazichomeka huku mbele."

Mama Sufi alizunguka kiti, akatazama nyuma, akarudi mbele, akatazama tena nyuma. "Yaani umefumua nyuma ukajaza mbele."

"Ndiyo hivyo."

"Magodoro ya namna hiyo nimeyashona, ya watu mabahili. Haiishi miezi mteja analalia mbao upande wa miguu."

Mwanawe alitaka kucheka, ngozi ya paji ikamkatalia.

Alikuwa amekuja kwake kwa sababu anakopanga analala kitanda cha juu, cha chini ni cha mwenzake, na huko juu dari liko puani. Daktari amemwambia alale chali, kichwa na mabega vimeinuliwa, nusu amekaa nusu amelala. Asigeuke ubavu. Asilale kifudifudi. Huku mbele pasiguswe na ukuta wala shuka wala kidole. Vinywele vilivyochomekwa havijashika bado. Kimoja kikisuguliwa kikachomoka kimepotea, hakirudi, na kisogoni hakuna akiba ya kuchezea.

"Wiki hii tu, mama. Nikiivuka bila kusugua, zimeshika. Nisipoivuka, basi, ndiyo imetoka hiyo."

"Na ukijikuna?"

"Sijikuni."

"Tangu utoto wako unajikuna usingizini."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Neno hilo lilimlainisha kidogo. Lakini halikukaa, kwa sababu papo hapo mwanawe alitoa mfukoni kitu cha plastiki, akakipuliza mpaka mashavu yakamuuma, kikawa kama kwato kubwa la farasi, akakivaa shingoni.

"Hicho nini?"

"Mto. Nimepewa kule kule."

Mama Sufi aliitazama mito yake, imepangwa mpaka darini, myeupe, imenona. Akamtazama mwanawe. "Mtoto wangu mimi analalia boya. Unaogopa kuzama?"

"Mama, yako inameza kichwa. Kichwa changu hakitakiwi kumezwa."

"Haya."

"Halafu, samahani, hiyo sufi inaruka. Ikinasa kwenye hivi vidonda..."

"Sema tu nihame nyumba."

Hakuhama nyumba. Alibeba magunia na cherehani, akavipeleka uani nyuma, akawa anashonea chini ya kibanda cha kuni, ananung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika ndani. Chumbani alimpangia blanketi zilizokunjwa mgongoni ili zipande kama ngazi, akamwekea shuka iliyoviringishwa chini ya magoti asiteleze, akafungua dirisha asitoke jasho. Shati likawa la vifungo, hakuna kuvaa kitu kwa kupitishia kichwani. Hayo yote aliyafanya vizuri. Kuelewa ndiko kulikomshinda.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyemnyoa baba mtu na sasa alikuwa anamnyoa mwana, hakukawia kuja. Alisimama mlangoni pa chumba mikono nyuma, akatazama mbele, akatazama kisogo.

"Shemeji," akamwambia Mama Sufi, "mimi na wembe wangu tumemlea huyu. Leo kaenda kunyolewa kwingine."

"Muulize mwenyewe."

"Kijana, zikiota utazinyoa kwangu?"

"Nizinyoe tena? Kwa shida yote hii?" alijibu mwana kutoka kwenye boya lake, shingo ngumu.

"Hujui nywele wewe. Zikishaota zina karaha. Nina wateja wanalia wapate kipara kama chako, asubuhi unapangusa na kitambaa unatoka."

Mama Sufi alicheka, akajishangaa kwa nini amecheka kwa kupenda hivyo. Alijua lakini hakutaka kujua. Kile kipara kilikuwa cha marehemu. Mumewe alikuwa fundi mwashi, anarudi ana vumbi la saruji, anaketi kwenye ngazi ya nyuma, na yeye anamwosha kichwa, anakipangusa, anakipaka mafuta mpaka kinawaka. "Piga rangi vizuri, mke wangu," alikuwa anasema, "wapangaji wanakuja." Kila siku mzaha huohuo na kila siku anaucheka mwenyewe. Alipokufa kichwa kikaenda naye. Halafu kitindamimba, kijana mbichi kabisa, nywele zikaanza kumkimbia, na Jumapili moja ameinama anafunga kamba za viatu, Mama Sufi akakiona: kilekile, na kibonde kilekile karibu na utosi. Hakumwambia mtu. Lakini kila mwanawe alipokuja kula, alimketisha upande wa dirishani kwenye mwanga.

Ilipofika siku uvimbe uliposhuka kutoka kwenye paji hadi machoni, macho yakawa mistari miwili tu, alishindwa kujizuia.

"Kichwa cha baba yako kina kosa gani?"

Mwana hakujibu. Labda hakusikia, labda alikuwa amelala. Na macho yale, nani angejua. Mama Sufi alibonyeza simu, tarakimu moja moja, akampata nesi wa kule kliniki. Nesi alisema uvimbe kushuka ni kawaida, utaisha, ndiyo sababu hasa ya kumlaza kichwa kikiwa juu. "Analala vizuri, mama?"

"Analala kama abiria."

"Hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa. Asiteleze tu."

Sasa sikiliza mchana uliofuata. Jua limekaa vizuri, mtaa umetulia, mwanawe yuko usingizini kweli kweli, maana mwili wake umezoea mchana. Mama Sufi amekaa kando ya kitanda anashona foronya kwa mkono. Akasikia sauti ndogo, kama mtu anapiga mluzi kwa meno. Ni boya. Lilikuwa linatoa pumzi upande mmoja, polepole, na kila lilipopungua kichwa kilikuwa kinainamia ukutani. Ukuta huo ulipigwa lipu na marehemu mwenyewe, akaupa mikwaruzo ya makusudi ili upendeze.

Mama Sufi alitazama. Sindano ikasimama. Kichwa kikateremka upana wa kidole, kikateremka tena. Kingefika ukutani, kingejisugua kidogo tu kama kawaida yake ya kujikuna usingizini, na yeye asingekuwa amefanya kitu. Asingekuwa amegusa chochote. Angekuwa mama anayeshona foronya. Na kipara kingebaki.

Alikaa kwa kitambo. Kisha akainuka.

Hapo ndipo mambo yalipomchanganya, na mpaka leo hayajamchanganukia. Angeweza kumwamsha. Angeweza kushika kichwa kwa mkono tu. Lakini miguu ilimpeleka kwenye mito, mikono ikachagua ule mzuri kuliko yote, wa sufi ya mavuno mapya, wenye foronya nyeupe. Akalitoa boya, akauingiza mto taratibu kati ya kichwa na ukuta. Ukamkinga na ukuta, hilo ni kweli. Pia ukakimeza kichwa. Mwanawe akashusha pumzi ndefu, akageuka ubavu, shavu na paji vikazama, na akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aje. Mama Sufi akaketi akimtazama, moyo mweupe. "Boya," alisema kimoyomoyo. "Mfyuu."

Mwana alipoamka, foronya ilikuwa imemnata kwenye paji.

Aliitenganisha yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kwa maji ya chumvi aliyopewa ya kupulizia. Kwenye foronya nyeupe vikabaki vidoa vya damu, na ndani ya vidoa vinywele vifupi, kama kope za mtoto. Alivitazama muda mrefu.

"Nani ameweka huu mto?"

"Mimi. Boya lilipasuka. Ulikuwa unakwenda ukutani."

"Ungeniamsha."

"Ulikuwa umelala vizuri."

"Mama, nilikwambia."

"Uliniambia. Na mimi nikakuuliza kitu hukunijibu."

Mwana aliweka foronya magotini. Macho yalikuwa yameanza kufunguka siku hiyo, akamtazama mama yake sawasawa.

"Nilisikia. Kichwa cha baba hakina kosa. Ila wewe unakikumbuka kikiwa na mafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nakishika hospitali, wewe umekwenda kupumzika, anapokohoa namwinua. Kilikuwa kimekonda, mishipa imetoka. Kila nikijitazama kwenye kioo namuona pale kitandani. Kila ninaponawa uso. Kazini kuna kioo pale tunapovalia kofia, nimekigeuza ukutani, wenzangu wanadhani nina wazimu."

Mama Sufi aliichukua foronya, akaikunja damu ikawa ndani.

"Sikutaka kumfuta," mwana akasema. "Nilitaka ninawe uso tu."

Kabla ya saa za kliniki kufungwa walikuwa wameshafika, mwana na kofia lake la beseni, mama na foronya ndani ya mfuko kwa sababu alidhani huenda vile vinywele vinaweza kurudishwa. Nesi alikuwa binti mnene mwenye sauti ya upole, amevaa taa kwenye paji kama mchimba kisima. Aliinama juu ya kile kichwa akatazama, akatazama. Mama Sufi alisimama kando, amebana mfuko, na kichwani mwake swali moja linazunguka kama nzi: ule mto niliuweka kumwokoa au kumponza? Alijibu kumwokoa, halikukaa. Alijibu kumponza, nalo halikukaa. Mikono yake mwenyewe ilimkatalia kusema.

"Vichache vimetoka, vya pembeni," nesi alisema mwishowe. "Vingine vimeshikilia. Ana bahati. Lakini vikitoka hivi tena, pale mbele pataacha pengo."

"Hivi?" Mama Sufi akatoa foronya.

"Hivyo basi tena, mama. Na huo mto ulikuwaje?"

"Wa sufi. Safi. Hakuna mwingine kama huo mji huu."

"Ndiyo tatizo lake. Kwa sasa mto mzuri ni adui yake. Anataka kitu kigumu, kisichobonyea, kimkamate shingo na mabega, na kichwa kibaki hewani. Na vizuizi huku na huku asigeuke."

"Kigumu kama nini?"

"Kama mzigo wa nguo uliofungwa."

Mama Sufi alielewa, na ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kuelewa kitu, akatamani asingeelewa.

Walirudi. Alimketisha mwanawe kitini, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akafunga na wa uani. Akatoa gunia la takataka za mshono, vipande vya magodoro ya watu, mapindo ya mapazia, suruali kuukuu ya kazi ya marehemu iliyokuwa inangoja kuwa dekio. Akakata kitambaa cha turubai kwa umbo lile lile la boya, kwato la farasi. Akaanza kujaza, anashindilia kwa mpini wa mwiko, anakalia, anashindilia tena. Sindano kubwa ya magodoro iligoma mara mbili. Kisha akashona magogo mawili marefu ya kumbana ubavuni, na kabari ya kuegemea mgongo ili zile blanketi zisiteleze. Jasho lilimtoka kama anayetwanga.

Mlango wa uani ukagongwa. "Shemeji, mzima humo?" Alikuwa kinyozi.

"Nina kazi."

"Ya kujifungia?"

"Nenda kanyoe watu."

Lakini kulikuwa na ufa kwenye mbao, na kinyozi hakuumbwa kuupita ufa. Akachungulia, kisha: "Shemeji. Hayo si matambara?"

"Ukisema popote, kichwa chako ndicho kitakachofuata kushonwa."

Alisikika anavuka barabara huku anakohoa kicheko.

Mto ulipoisha Mama Sufi aliubonyeza kwa kiwiko, kwa mazoea. Ulitoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Ndio mto mbaya kuliko yote aliyowahi kuitia uzi, na alijua kwamba hakuna aliyewahi kuutengeneza ubaya kwa ufundi ule. Akaupeleka chumbani.

Mwana aliegemea. Shingo ikakamatwa, mabega yakakaa, kichwa kikabaki hewani kisogo hakigusi kitu. Akajaribu kugeuka kulia, gogo likamkatalia. Kushoto, vivyo hivyo.

"Vipi?" mama akauliza.

"Kama kulala juu ya mawe."

"Vizuri."

"Umetia nini humu?"

"Lala."

Akalala. Mchana ule na michana iliyofuata, Mama Sufi alikaa kando na foronya zake, na kila mkono wa mwanawe ulipopanda usingizini kwenda kujikuna aliushika, akaurudisha kifuani, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Habari ya kichwa cha baba hakuiuliza tena, na mwana hakuitaja tena. Magamba yakakauka, yakaanza kudondoka yenyewe kwa maji na povu la sabuni. Chini yake vinywele vilikuwepo, vimesimama, kama ndevu za siku mbili zilizopotea njia. Nesi akatazama akasema zimeshika. Mwana akabeba mfuko wake akarudi kwenye mikate.

Basi, mtu angedhani yameisha. Lakini hayo mambo hayana adabu. Mwezi haujatimia vizuri, mwana akaja kula, akavua kofia mlangoni, na Mama Sufi akaketi chini bila kuangalia kama kuna kiti. Mbele palikuwa peupe. Panang'aa. Vile vinywele vyote vilikuwa vimekwenda.

"Ni mimi," akasema. "Ni ule mto."

"Siyo wewe, mama."

"Niliukaza mno. Nimekunyima damu."

"Mama, sikiliza. Waliniambia mapema. Zinaanguka kwanza. Mzizi unabaki ndani umelala, halafu baada ya miezi zinaota upya, za kudumu. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

Mama Sufi alimtazama akitafuta uongo usoni, hakuuona. Zinatolewa nyuma, zinachomekwa mbele, zinalindwa kama mayai, mtu analala juu ya mawe, halafu zinaanguka ili ziote. Hakuna godoro duniani lililowahi kushonwa hivyo.

"Kwa hiyo sasa hivi huna kitu."

"Sasa hivi sina kitu."

"Na kichwa kinaguswa?"

"Kinaguswa. Kimepona."

Mwana aliketi upande wa dirishani, pale pale pake. Mama Sufi akaenda jikoni, akarudi na chupa ya mafuta, hakuomba ruhusa. Mwana aliona chupa, akatazama dirisha lililokuwa limefunguka, kichwa chake kinaonekana kwenye kioo, akafumba macho. Akainamisha kichwa.

Alikipaka polepole. Kibonde karibu na utosi kilikuwepo. Kisogoni alisikia vinundu vya makovu, vidogo kama mishono, na huku mbele hakusikia chochote, ingawa wanasema chini yake mizizi imelala. Miezi michache, alisema mwanawe. Basi hiyo miezi michache ni yangu, aliwaza, na hakujua kama ni furaha au ni aibu, akaendelea kupaka.

"Piga rangi vizuri," mwana akasema, macho yamefumba.

Mkono wa Mama Sufi ukasimama. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa anausikia mzaha ule, enzi hizo, angali mtoto wa kutambaa uani.

"Wapangaji wanakuja," akamalizia mwenyewe.

Baada ya kula mwana alisema atalala kidogo kabla ya zamu. Mama Sufi akamletea ule mto mzuri, wa sufi ya mavuno mapya, foronya imefuliwa haina alama. Sasa anaruhusiwa kumezwa. Mwana alijilaza, akageuka huku, akageuka kule, akakaa.

"Ule mwingine uko wapi?"

"Upi?"

"Ule wa mawe. Shingo imeshauzoea."

Mama Sufi akaenda kuutoa mvunguni, alikoufunika kwa gunia, akamrushia.

"Uchukue uende nao kabisa," akasema. "Na akikuuliza mtu nani kakushonea, umeuokota."